Mtoto Yuko na Nani Saa Hizi?

Siku za kliniki ya watoto mimi husimama mbele ya mabenchi na kuwafundisha akina mama kabla ya kuanza kupima uzito. Mafundisho yenyewe mnayajua: chandarua, chanjo, uji wenye karanga au dagaa, na dalili za hatari kwa mtoto mgonjwa. Nimefanya kazi ya uuguzi huku Kyela kwa miaka zaidi ya 20, na maneno hayo yananitoka hata nikiwa nimechoka.

Siku moja mama mmoja alinyoosha mkono akasema, "Sista, haya yote tumeyasikia. Lakini mimi saa za mchana niko kwenye mpunga, na mtoto yuko na dada yake wa miaka 9. Si ungemfundisha huyo?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo lilishanifika nyumbani kwangu miaka kadhaa kabla, na lilikuja usiku.

Mpendwa msomaji, nimesita sana kuandika habari hii. Muuguzi hapendi kusimulia kosa lake, na mke wa mtu katika nchi yetu ya Kyela hapendi kusimulia habari za wakwe. Lakini naona wengi wetu, walimu, wauguzi, wauza samaki, wakulima wa mpunga na kakao, tunaishi katika jambo hili kila siku na hatulizungumzi ila kwa kulalamikia wasichana wa kazi.

Ilikuwa Aprili 2016. Wanaoijua Kyela wanajua Aprili ya huku. Mvua inanyesha usiku na mchana, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inajaa, maji yanaingia mashambani na njia nyingine hazipitiki ila kwa kuvua viatu. Ni majira ya mbu vilevile, na wodi ya watoto hujaa. Mimi nilikuwa zamu ya usiku wiki nzima. Baba watoto, ambaye ni mwalimu, alikuwa masomoni Mbeya na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tulikuwa na watoto wawili wakati huo, wa kwanza miaka 8, wa pili miaka 3. Walikuwa wanabaki na msichana tuliyemleta kutoka milimani, upande wa Makete. Watoto walimwita Dada, na hapa nami nitamwita hivyo.

Dada alikuwa na miaka 15. Alikuwa msafi, mpole, anaimba wakati wa kuosha vyombo. Nilikuwa nikimsifu kwa wenzangu kazini kwamba nimepata mtu. Kila jioni nilipika, nikawaogesha watoto, nikafunga chandarua, nikavaa sare yangu na kuondoka kabla giza halijaingia. Milango nilimwachia yeye afunge kwa ndani.

Wiki moja kabla ya hapo kijana wangu mkubwa alikuwa ameugua malaria. Nilimpima mwenyewe kwa kipimo cha haraka, nikampa dawa ya mseto. Mtoto wa uzito wake hupewa vidonge 2 kila mara, mara 2 kwa siku kwa siku 3, yaani vidonge 12. Siku ya pili jioni alikuwa anakimbia uani akipiga mpira wa matambara. Asubuhi ya siku ya tatu nilitoka zamu na usingizi umenielemea, na katika kulala na kuamka nikasahau dozi ya asubuhi. Jioni nilipokumbuka nikajiambia, amekwisha pona. Vidonge 4 vilivyobaki nikaviweka juu ya kabati, kwa dharura.

Naandika hili nikiona aibu. Ni jambo ninalowakataza akina mama kila wiki, na nilikuwa nimelikataza wiki ileile.

Usiku wa Alhamisi yule mdogo alichemka mwili. Dada alikuwa ameona nikimpa mkubwa dawa kutoka pakiti ile, na alikuwa ameona mkubwa akipona. Alifanya alichoona. Alimpa mtoto kidonge kimoja kwa maji matupu, mtoto hajala kitu tangu mchana. Baada ya muda mfupi mtoto akatapika. Dada hakujua kwamba dawa ikitapikwa mapema namna hiyo inabidi irudiwe, wala kwamba mseto hufanya kazi vizuri zaidi ukimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Angelijuaje? Alimfunika mtoto kwa blanketi kwa kuwa alikuwa anatetemeka, akakaa pembeni yake.

Alinibipu mara 3. Hakuwa na salio la kupiga. Mimi nilikuwa na watoto 2 waliotundikiwa damu, simu iko kwenye droo. Nilipoiona, mnamo saa 3 usiku, nilidhani anaomba vocha. Nikairudisha kwenye droo. Dada zangu, sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo dogo. Mpaka leo nikiona jina la nyumbani kwenye simu, moyo unaruka.

Degedege lilimkamata mtoto muda mfupi baadaye.

BABA MKWE

Hapa inabidi nieleze mila yetu kwa wasomaji wa mikoa mingine. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Zamani mwanamke akisikia baba mkwe anapita njiani aliingia kwenye migomba na kugeuka mgongo. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa mjini na makanisani, lakini baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kale. Miaka 9 ya ndoa yetu alikuwa hajaingia ndani ya nyumba yangu hata mara moja, ingawa nyumba yake iko mwendo wa dakika 5. Nilimpelekea chakula kwa mikono ya watoto. Salamu zetu zilipita kwa mama mkwe.

Dada alitoka na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, akaenda kugonga kwa babu. Yule mkubwa alimwacha amelala peke yake ndani. Mzee alichukua baiskeli. Huku kwetu ardhi ni tambarare na baiskeli ndiyo gari letu, lakini mzee wa miaka 70 na zaidi, gizani, njia imejaa maji, ni habari nyingine. Dada alikaa kwenye keria amempakata mtoto. Penye maji mengi walishuka wakavuka kwa miguu, mzee akisukuma baiskeli.

Nilikuwa nimeinama naandika faili niliposikia mtu anabisha hodi kwa sauti niliyoitambua. Nikainua macho, nikamwona baba mkwe wangu amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, mtoto wangu mikononi mwake. Nami nilikuwa na sare nyeupe, sina hata kanga ya kujifunika. Alitazama ukutani. Hakunipa mtoto mkononi, alimlaza kwenye benchi, akarudi nyuma hatua mbili, akasema kwa Kinyakyusa kama anayesema na ukuta, "Mtazameni huyu mtoto."

Kazi tuliifanya. Mwenzangu wa zamu aliniondoa kitandani kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Walimlaza ubavu, wakampima sukari ikawa chini, wakampa. Kisha sindano ya artesunate. Alfajiri alifumbua macho akaomba uji. Wengine hawaamki, au wanaamka wakiwa si wale waliolala. Nimewafunika watoto wa wenzangu kwa mikono hii. Kwa hiyo siwezi kusimulia habari hii kama muujiza wa nyumba yangu tu, ingawa namshukuru Mungu.

ALIYEPASWA KUFUNDISHWA

Asubuhi ile mama mkwe alikuja wodini. Nilitegemea maneno makali kuhusu mwanamke anayeacha watoto usiku. Hakusema hilo. Aliniuliza, "Huyu binti ulimwambia afanye nini mtoto akiugua?" Nikafungua mdomo, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwonyesha Dada kila kitu: namna ya kupika wali, sabuni ya nguo nyeupe, sahani za wageni. Kuhusu homa sikuwahi kumwambia neno moja. Mamia ya akina mama walikuwa wameketi kwenye mabenchi yangu, na mtu pekee aliyekuwa na mtoto wangu usiku hakuwahi kuketi hapo.

Liko jambo la pili, ambalo niliambiwa na ofisa ustawi wa jamii miezi kadhaa baadaye, kwa upole, na lilinichoma zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, lakini inakataza mtoto kuajiriwa kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Nilikuwa nimewaachia watoto wangu wawili mtoto wa tatu, nikamfungia wote watatu mlango. Tunasema "msichana wa kazi" na neno hilo linatusahaulisha umri. Angekuwa binti yangu wa kuzaa mwenye miaka 15, je, ningelala usingizi nikiwa nimemwacha peke yake usiku wa mvua na mgonjwa?

Wako watakaosema, basi mama akae nyumbani. Nimelisikia hata kanisani, na mara nyingine kutoka kwa wanawake wenzetu. Yule mwanamke wa Mithali 31 husomwa katika kila sherehe ya akina mama, nami nampenda, ila tunaruka kwamba nyumbani mwake walikuwamo watumishi, na kwamba yeye mwenyewe alitoka, akanunua shamba, akafanya biashara. Na huku kwetu mama akikaa nyumbani nani atapanda mpunga? Mchele huu wa Kyela unaosifiwa Dar es Salaam na Mbeya umepita katika mikono ya wanawake walioinama ndani ya maji, wengi wao wakiwa na mtoto mchanga aliyelazwa chini ya mwembe. Mama wa Kyela amekuwa mfanyakazi tangu zamani. Kilichobadilika ni watu waliobaki nyumbani.

Monica Wilson, mtafiti aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika jinsi wavulana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe wakiwa na umri wa miaka kama 10 au 11, na jinsi walivyokwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama mkwe wangu aliyasikia hayo kwa mama yake. Yeye akiyasimulia hucheka, anasema mama wa siku hizo alipika bila kujua wangapi watakuja. Mimi nikimsikiliza nawaza jambo jingine: mtoto alikuwa na nyumba nyingi za kuingia. Watoto wangu usiku ule walikuwa na nyumba moja, na mlango umefungwa.

TULIVYOPANGA UPYA

Baba watoto aliporudi tulikaa wote, pamoja na mama mkwe. Tuliamua kwamba wiki za zamu ya usiku Dada asilale peke yake na watoto. Mama mkwe angekuja kulala. Na yule mzee, bila kuambiwa na mtu, alianza kuja saa 12 jioni na kukaa kwenye kibaraza chetu na kigoda chake, mpaka mama mkwe afike. Ndani hakuingia. Mimi nilitokea mlango wa nyuma kwenda kazini. Tuliishi hivyo miaka 3, mpaka alipofariki, na hatukuwahi kuzungumza tena ana kwa ana baada ya ule usiku.

Dada nilimchukua kliniki siku ya pili yake baada ya mtoto kutoka wodini. Alikaa benchi la mbele. Tangu hapo huwaambia akina mama: siku moja moja njoo na yule anayebaki na mtoto, awe dada, bibi au shangazi, na asikie kwa masikio yake. Ayajue mambo yaliyo machache tu. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, asipewe dawa iliyobaki ya mwingine. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayepumua kwa shida, au aliyepatwa na degedege, asisubiri mama arudi. Degedege likimshika, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe kitu, asifukizwe moshi, aondolewe nguo nzito na apelekwe. Na dozi ya mseto imalizwe yote, hata kama mtoto anapiga mpira. Nyumbani kwangu hakuna tena pakiti juu ya kabati.

Jingine ni la simu. Tulikubaliana na Dada kwamba bipu 2 mfululizo maana yake ni mgonjwa, na salio la shilingi 500 halitumiwi kwa jambo jingine. Mume wangu alicheka akaita hiyo "sheria ya jeshi." Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiliongeza likiisha. Pia alijifunza kuogesha watoto na kupika uji, jambo ambalo majirani walilitazama kupitia uzio kwa wiki kadhaa mpaka wakachoka.

SIKU 84

Kitindamimba wetu alizaliwa mwaka 2021, nami nikakutana na mtihani mwingine wa mama mwenye ajira. Kliniki tunafundisha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, hata maji asipewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Piga hesabu mwenyewe, mama, uone pengo lililobaki. Sheria hiyohiyo inataka mwajiri ampe mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha saa za kazi, usiozidi saa 2 kwa siku, na wengi wetu hatulijui hilo au tunaogopa kuliomba. Mimi niliomba. Nilikubaliwa, ingawa siku wodi imejaa ruhusa hiyo ilibaki kwenye karatasi.

Siku hizo nilikamua maziwa alfajiri, mikono imeoshwa kwa sabuni, nikayaweka kwenye kikombe kilichochemshwa chenye kifuniko. Hatuna jokofu. Nilinunua mtungi wa udongo wa Wakisi, ile inayoletwa kwa mitumbwi na kuuzwa pale Matema, nikatia maji ndani na kukiweka kikombe kisimame humo, pahali pa kivuli. Ubaridi wake unasaidia, lakini joto la Kyela si la kuchezewa, kwa hiyo maziwa yale yalitumika ndani ya saa 4, yaliyozidi yakamwagwa. Mtoto alinyweshwa kwa kikombe, si chupa, maana chupa kuisafisha vizuri ni kazi. Saa 4 asubuhi aliletwa kazini kwa baiskeli nikamnyonyesha chini ya mti. Miezi 6 tulifika. Sikufika kwa ushujaa, nilifika kwa kuwa na watu 4 wa kunisaidia, na mama aliye shambani hana likizo ya siku hata moja.

Ndiyo maana akina mama wa kanisa letu walipoomba chumba cha shule ya Jumapili kitumike kulea watoto wadogo asubuhi za msimu wa kupandikiza mpunga, niliandika jina langu kwa siku za Jumanne ninapokuwa sina zamu ya asubuhi. Msifikiri mambo yalikwenda kama maji. Tuligombana juu ya unga wa uji, nani ameleta na nani hajaleta. Upele uliingia ukawashika watoto karibu wote, na nilibaki napaka dawa watoto wa watu wiki 2. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama madawati yatapona. Msimu mmoja hatukufungua kabisa kwa kukosa watu wa kupokezana. Serikali nayo ilizindua programu yake ya taifa ya malezi ya watoto wadogo Desemba 2021, na kituo cha kulelea watoto mchana hutakiwa kusajiliwa, basi tukaenda kwa ofisa ustawi tukaelezwa la kufanya: choo cha watoto, maji safi, idadi ya walezi. Choo tumejenga. Uzio bado.

Mwaka jana, siku ya Jumanne, niliona mwanamke kijana amesimama kwenye mlango wa kile chumba, mtoto mgongoni, kitambaa cha mtindo mpya kichwani. Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa Dada. Alipoondoka kwetu tulimlipia mafunzo ya ushonaji, na sasa ana cherehani yake Ipinda. Ametoka kumchanja mtoto chanjo ya wiki 10. Kijana wangu wa pili alikuwa amenifuata kuleta funguo, tayari anamzidi urefu. Dada alimtazama muda mrefu bila kusema, kisha akamshika kichwa kama mtoto mdogo.

Tulikaa kwenye benchi. Akaniambia wateja ni wengi, sare za shule zinamsubiri, mtoto analia akiwa kwenye cherehani. "Mama, nitafutie msichana wa kunisaidia," akasema.

"Wa umri gani?" nikamwuliza.

Akataka kujibu haraka, akasita. Alimhamisha mtoto bega lingine. "Nilitaka kusema kama mimi nilipokuja kwako," akasema.

Tukacheka wote wawili, lakini si kwa muda mrefu. Kisha nikaingia ndani nikatoa daftari, tukatazama pamoja ni mama gani wana zamu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.